Saa ya Uongo Chini ya Picha ya Bi Rukia

Nilikwenda Tabora kuhani, nikarudi na hasira. Najua si adabu kusema hivyo, msiba ni msiba, lakini nimeshavuka umri wa kuficha ninachokihisi ili watu waniite mstaarabu. Mzee Nasoro, aliyeniajiri nikiwa binti mbichi katika duka lake la picha pale Kanyenye, alifariki mimi nikiwa Dar es Salaam nauguza mguu, maziko yakanipita. Nikaiwahi hitima ya arobaini. Nilishuka treni asubuhi, nikafika nyumbani kwake, nikaingizwa chumba cha wanawake, nikakaa mkekani na kikombe cha kahawa chungu na kipande cha haluwa, nikipeana pole na watu ambao nusu yao nilishawasahau majina. Halafu nikainua macho ukutani. Juu ya kabati la vyombo palitundikwa picha ya Bi Rukia, mke wa Mzee aliyemtangulia zamani, amesimama mlangoni pa duka na sinia mkononi, anacheka. Picha ile naijua. Nilikuwepo siku ilipopotea, na kwa nilivyojua mimi haikupaswa kuwepo tena duniani.

Nikasimama nikaisogelea. Wanawake walidhani nalia, wakanipisha. Uso wa Bi Rukia ulikuwa umepitiwa na mistari myembamba myembamba, kama mtu aliyepigwa picha nyuma ya chandarua. Juu kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa CHUMBA CHA GIZA. Chini palionekana ukanda wa kijivu, ule unaokaa chini ya kioo cha kompyuta, na pembeni mwa ukanda kulikuwa na saa na tarehe: dakika chache kabla ya magharibi, siku ya kwanza ya Ramadhani. Maneno yale niliyaandika mimi. Saa ile niliiweka mimi, na ilikuwa saa ya uongo. Nikarudi kukaa, kahawa ikapoa mkononi, na mwaka mzima ambao nimetumia maisha yangu kuusahau ukaja ukakaa mkekani pembeni yangu bila hata kupiga hodi.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo na cheti cha kompyuta, najiona nimemaliza elimu ya dunia. Duka la Mzee Nasoro lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kiti cha kupigia picha za pasipoti, mashine ya kutoa kopi, na kompyuta kuu. Cha nyuma kilikuwa chumba cha giza cha enzi za filamu, chenye taa nyekundu, mabeseni makavu, na harufu ya dawa za kusafishia picha ambayo haikutoka hata ukifungua mlango kutwa. Humo Mzee aliweka kompyuta ya pili, kuukuu, ili nijifunzie. Picha zake za miaka yote, arusi na maulidi na watumishi wa reli na watoto wa Tabora nzima, alikuwa ameziingiza kwenye kompyuta ya mbele mchwa walipoanza kula filamu zenyewe kwenye maboksi, nao baadaye wakazimaliza. Alizisimamia kama mfugaji na ng'ombe wake. Mtu akija kutoka Ipuli au Urambo akasema, "Mzee, ulinipiga siku ya arusi ya kaka yangu," Mzee hakuuliza mwaka. Aliuliza, "Ulivaa nini?" Akimwambia, anaitoa.

Saa sita mchana jirani yetu, Bi Tunu, aliyekuwa anauza chakula kibanda cha pili, alikuwa anatuletea sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, au ugali na uyoga msimu wa mvua. Alikuwa Mnyamwezi wa Uyui, mzungumzaji, na salamu yake ilianzia barabarani. "Mwangaluka!" anaita, salamu yao ya asubuhi, hata jua liwe utosini. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha pasipoti mpaka tumalize kula, kwa hiyo habari zote za mji zilipigwa picha kwanza pale kwetu. Nilimpenda, na bado nampenda, ingawa kwa kinywa chake nilikuja kusikia neno lililonifukuza mji.

Programu ilikuja kwenye flashi ya mteja aliyetoka Dar. Ilikuwa programu ndogo ya adhana. Ukiiweka kwenye kompyuta, kila wakati wa swala ukifika kioo chote kinafunikwa na picha ya msikiti wenye kuba la kijani, na sauti ya mwadhini inatoka, sauti nzuri, sitasema vinginevyo hata leo. Mara ya kwanza Mzee alipoisikia alikaa chini akafuta macho kwa kanzu. Bi Rukia alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, na Mzee alikuwa bado anatafuta sadaka jariya ya kumtolea, ile sadaka ambayo kila watu wakiendelea kuitumia, thawabu zinaendelea kumfikia marehemu. Wengine huchimba kisima. Mzee hakuwa na uwezo wa kisima. Akanunua boksi la CD tupu, akaanza kuchoma programu ile na kuigawa bure, na juu ya kila CD aliandika kwa kalamu ya wino mzito: Kwa Bi Rukia. Mtu alikuja kupiga picha ya pasipoti akaondoka na CD. Watu wa treni walizibeba mpaka Kigwa na kwingine. Na kila aliyepokea, akijua ni sadaka, naye alimchomea ndugu yake ili asikose fungu. Hakuna tangazo la biashara duniani lingeweza kusambaza kitu upesi vile.

Sasa nieleze nilivyoona. Adhana ikilia, watu wote dukani waliondoka kwenda kuswali. Kuna siku za mwezi ambazo mwanamke haswali, na siku hizo nilibaki mwenyewe. Magharibi moja, sauti imejaa dukani na msikiti wa kijani umefunika kioo, niliona kitaa cha flashi ya mteja kinawaka na kuzima, haraka haraka, kama mtu anayenakili faili. Hakuna aliyekuwa ananakili. Nikasubiri adhana ikaisha, kitaa kikatulia. Kesho yake vilevile. Programu ya kuadhini ina shughuli gani na flashi ya mtu? Na baada ya wiki mbili tatu, flashi zikaanza kurudi zina picha zisizofunguka, zile kuukuu kwanza, ambazo mtu hazitazami kila siku. Nilimwambia Mzee nilichoona. Akaniuliza kwa nini nilikuwa nachungulia kompyuta wakati wa swala. Ningemjibu nini, mtoto wa kike kwa mzee wa heshima zake? Nikarudi kwenye mashine ya kopi nikiwa nimeuma meno.

Chuoni mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kitu ambacho wengi walikiona mchezo. Unaweza kutengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Si chuma, ni dirisha tu linalofunguka kwenye kioo, lakini ndani ya dirisha lile mna kompyuta nzima yenye mafaili yake na saa yake, na haijui kuwa iko ndani ya nyingine. Wenyewe huiita kompyuta pepe. Programu usiyoiamini unaiachia humo, unaziba njia zote za kutokea, unakaa nje unaitazama. Ikiharibu, imeharibu humo humo. Na kuna uzuri mwingine: kompyuta ile unaweza kuipiga picha ikiwa safi, na ikishavurugwa unabonyeza mahali pamoja, inarudi kama ilivyokuwa wakati wa picha, kila faili mahali pake, na saa yake ikisoma wakati ule ule. Nikaitengeneza kwenye ile kompyuta ya nyuma. Nikaiita Chumba cha Giza, kwa ajili ya mahali ilipokaa. Ndani yake nikaweka chambo, folda moja ya picha za zamani nilizozinakili kutoka kompyuta ya mbele: arusi, watumishi wa reli, na Bi Rukia na sinia lake. Halafu nikaiingiza ile programu, nikakaa.

Haikufanya kitu zaidi ya kuadhini. Nilikaa nayo asubuhi, nikakaa nayo mchana, ikawa imetulia kama bibi harusi. Mzee alipita mlangoni akanikuta na kidevu mkononi, nikamweleza kazi ya kompyuta pepe, na habari ya kuipiga picha na kuirudisha ikamvutia. Alicheka. "Kamera ya hivyo ningeipata mimi, Mwana, ningefunga studio zote za Tabora." Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama hasemi na mimi, "Unampiga mtu akiwa mzima. Akifa, unabonyeza." Akarudi mbele kuhudumia wateja. Mimi nikabaki na programu yangu inayolala.

Ilinichukua muda wa kutia aibu kufikiri jambo la wazi. Ile programu ilikuwa inangoja magharibi, wakati ambao watu wa mji huu hawako mbele ya kompyuta. Na mimi kila magharibi nilikuwa nimeshaizima kompyuta ya nyuma. Basi nikasogeza saa ya kompyuta ya ndani. Nikaiweka dakika chache kabla ya magharibi, na ili kuona itakavyokuwa mwezi unaokuja, nikaweka tarehe ya Ramadhani mosi. Nikaipiga picha hapo hapo, niwe narudi mahali pamoja. Kisha nikangoja. Msikiti wa kijani ukafunika kioo, mwadhini akaanza, nami nilikuwa nimeweka programu nyingine ndogo ya kuandika kila faili linaloguswa. Ilipoisha nikasoma: imepita kwenye folda, imeanza na picha kuukuu kuliko zote, imefuta kilichomo ndani na kujinakili yenyewe mahali pake. Mwezi wa kawaida ilidonoa faili moja moja. Ramadhani ilikuwa inakula folda nzima. Nikairudisha, nikaangalia tena. Nikairudisha, tena. Kila mara vilevile.

Nikamwita Mzee. Ndiyo asubuhi ambayo nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko siku ya ndoa yangu. Alikaa kwenye kigoda chini ya taa nyekundu, nikamwonyesha Bi Rukia akiwa mzima kwenye kioo. Adhana ikaja, ikapita. Nikafungua picha tena: kijivu kitupu. Mzee alivuta pumzi. "Irudishe," akasema. Nikamwonyesha pa kubonyeza, akabonyeza mwenyewe, Bi Rukia akarudi na sinia lake. Akamtazama mpaka adhana ikaja tena ikamla. Akabonyeza tena. Nikadhani nimeshinda.

"Hii kompyuta," akasema hatimaye, "kuishika siwezi."

"Huwezi, Mzee. Iko ndani ya hii."

"Na hiyo saa ni wewe uliyeisogeza."

"Niliisogeza ili nione itafanya nini."

"Basi umeidanganya. Umeiambia ni Ramadhani magharibi, na hapa ni Shaabani saa nne asubuhi. Mtu ukimdanganya akafanya la kufanya, kosa la nani?"

"Mzee, programu si mtu!"

"Na mtu akiota anaiba, utampeleka polisi?" Hakuwa ananifanyia mzaha. "Hiyo ni ndoto, Mwana. Umeilaza, umeiotesha, sasa unaishitaki kwa ndoto yake. Ile ya mbele, iliyo macho, imefanya nini?"

Nilitaka kugonga kichwa ukutani. Tangu siku ile nimepata majibu mengi mazuri, yote yamechelewa. Wakati ule nilimwambia kwamba ya mbele imeanza, ila bado kidogo kidogo. Nikamwomba aache kugawa CD. Nikamwomba basi, kama hataki kuacha, tuchome picha zake za zamani kwenye CD chache tuziweke kabatini. Akasema CD zilizobaki ni za sadaka, hazibadilishwi matumizi. Leo naelewa, na kuelewa hakunipunguzii hasira hata chembe, kwamba nilikuwa namwambia mzee yule kitu kisichomezeka: kwamba amemtuma mkewe aliye kaburini, kwa jina lake lililoandikwa kwa wino, kwenda kuharibu nyumba za watu. Aliinuka. "Ifute hiyo," akasema. Sikufuta. Jioni ile alifunga chumba cha nyuma kwa kufuli, funguo akatia mfukoni.

Ramadhani iliandama. Duka lilifungwa mapema, kompyuta ya mbele ikiachwa inawaka ili iadhini, na Bi Tunu, ambaye hakuwa Mwislamu lakini alijua ladha zetu kuliko sisi, alituletea futari ya uji wa pilipili manga na mihogo, na jioni mtaa mzima wa Kanyenye ulisikika adhana ile moja kutoka maduka manne matano, zikipishana kidogo. Watu walisifu. Mimi kila sauti ile ikianza nilihisi mtu anaparura sahani kwa uma. Niliwaambia wateja waiondoe. Niliongea na yeyote aliyekaa kwenye kiti cha pasipoti. Siku moja, niko nyuma ya pazia la maporomoko natafuta kitambaa, nikasikia mtu upande wa pili: "Yule binti anasema adhana ina kirusi. Astaghfirullah. Elimu nyingine bwana." Na Mzee, aliyekuwa pale pale, akasema tu, "Tazama kwenye kamera."

Katikati ya mwezi akaja Mama Kulwa, kwa treni, kutoka Kigwa. Mumewe alikuwa mtumishi wa stesheni ya kule, amefariki wiki ile, na picha yake pekee aliyowahi kupigwa akiwa na sare ilikuwa kwetu. Mama alikaa kwenye kiti na kanga zake mbili akisubiri. "Alivaa nini?" Mzee akauliza. "Kofia ya reli," Mama Kulwa akajibu, "na ilikuwa imelala upande." Mzee aliijua picha. Akafungua folda, akaibonyeza, kikaja kijivu. Akafungua inayofuata, kijivu. Nikasimama nyuma yake nikiona kidole chake kinaenda mbio, arusi, maulidi, shule, watoto, zote za rangi moja kama asubuhi ya mvua. Alipofika kwa Bi Rukia hakufungua. Aliacha mkono hapo. Mimi nilifungua.

"Mama," Mzee alimwambia Mama Kulwa, "rudi nyumbani. Picha hamna." Hakueleza. Mwanamke akainuka, akasema "Haya, asante," kama wanavyosema watu wa kule hata ukiwanyima, akaenda kungoja treni.

Mimi nikakumbuka chambo. Nilipiga kelele, nafikiri. "Mzee, ile folda ya nyuma! Niliinakili kabla! Mumewe yumo, Bi Rukia yumo, nifungulie mlango!"

"Nimeifuta," akasema.

"Lini?"

"Siku ile ile."

"Nifungulie niangalie tu."

"Nimesema nimeifuta, Mwanaidi." Hakuwahi kuniita jina zima kabla ya hapo. Mzee Nasoro hakuwa mtu wa uongo, mji mzima ungemtolea ushahidi, nami sikuwa na sababu ya kutomwamini. Nikakaa chini nikalia kwa hasira, si kwa huzuni.

Kilichonimaliza kilikuja baada ya Idi. Habari za picha zilikuwa zimeenea, na watu walitaka kujua nani kaziharibu. Bi Tunu alikuja na sahani yangu, akaiweka, hakukaa. "Mwanangu, nakwambia kwa sababu nakupenda. Wanasema ni wewe. Wanasema ulikuwa unafuga virusi kule nyuma, vikatoka." Nikamuuliza Mzee kasemaje. Bi Tunu akaangalia michembe. "Hajasema kitu." Siku hiyo hiyo nilimwuliza Mzee mwenyewe, mbele ya mashine ya kopi, kama atanyamaza hivyo hivyo. Akaniambia watu wakichoka watanyamaza. Mimi sikungoja wachoke. Nikapanda treni na begi moja na jina bovu, na kazi yote niliyokuja kuifanya baadaye maishani, ya kutazama programu mbaya kwa niaba ya watu wanaolipa kuamini ninachowaambia, niliianza nikiwa na neno "ndoto" limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Hitima ilipokwisha, sahani za pilau zikiondolewa, nikamtafuta Seif, mtoto wa Mzee, ambaye mwaka ule alikuwa shule ya bweni na sasa ana ndevu zenye mvi. Nikamwuliza ile picha ukutani. "Ya kule chumba cha nyuma, dukani," akasema, kana kwamba kila mtu anajua. "Twende, dada. Nilikuwa nataka uiangalie hiyo kompyuta, maana sisi tunaogopa kuigusa."

Chumba cha giza kilikuwa na harufu ile ile. Kompyuta ile ile, ingawa Seif alisema mafundi wamebadilisha vitu vyake vya ndani mara kadhaa, na kila fundi aliapishwa kwanza kwamba hatafuta chochote. Mbele ya kioo palisimama kamera juu ya miguu mitatu, imekielekea kioo. Kigoda kilikuwa kimelika upande mmoja. Seif akaniambia baba yake alivyokuwa akifanya: anafungua lile dirisha, anabonyeza pa kurudisha, folda inakuwa nzima, anafungua picha anayoitaka, anakipiga kioo picha upesi kabla adhana haijaanza. Kwa sababu ikianza zinaliwa. Halafu anabonyeza tena. Kwa miaka yote ile. Watu wa arusi za zamani walipata picha zao hivyo, zenye mistari na saa chini. Za watu wengine hakuweza, hazikuwa kwenye chambo. Mama Kulwa alipelekewa ya mumewe na Mzee mwenyewe, kwa treni. "Na siku nyingine," Seif akasema, "hakuwa anapiga picha yoyote. Alikuwa anakaa tu na mama."

Nikakaa kwenye kigoda, nikabonyeza. Bi Rukia akatokea mlangoni pa duka na sinia lake, safi, bila mstari hata mmoja. Saa yangu ya uongo ilikuwa pale pale. Nikamtazama jinsi Mzee alivyomtazama, dakika zile chache, mpaka msikiti wa kijani ukamfunika na ile sauti nzuri ikajaa chumbani, na ilipoisha hakuwepo. Sijui kama Mzee alinidanganya siku ile, au alifuta alama ya juu tu akadhani amefuta kompyuta nzima, akaja kuikuta baadaye. Seif hajui. Ninachojua ni kwamba angetakiwa kunipigia simu moja. Ningemwambia: Mzee, ukisharudisha, sogeza saa nyuma. Hicho tu. Iweke asubuhi, utakaa na mkeo kutwa. Na picha zote zingetoka nje zikiwa safi kwa kazi ya robo saa. Badala yake alikaa miaka kumi na kitu akikimbizana na adhana aliyoigawa mwenyewe, kwa sababu simu ile ingeanza na neno ambalo hakuweza kulisema.

Bi Tunu alikuwa ameingia kimya kimya, mzee sasa, anatembelea fimbo. "Tulishajua zamani kwamba hukuwa wewe," akaniambia. "Mwenyewe alisema. Kila aliyekuja kuchukua picha alimwambia, hii kaiokoa Mwanaidi."

"Alimwambia nani?"

"Watu wote, mwanangu."

"Watu wote isipokuwa mimi," nikasema, na sauti yangu ilipanda mpaka Seif akafunga mlango. Bi Tunu akanishika bega. Sikutaka kushikwa bega. Nilitaka mtu mmoja aliye udongoni ainuke nimgombeze, halafu arudi akalale.

Nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya nikiwa na miaka ishirini na kitu. Nikabonyeza pa kurudisha, nikasogeza saa nyuma, nikafungua njia ndogo, nikazitoa picha zote nje, nikazikagua moja moja. Kwenye printa ya mbele nikatoa Bi Rukia, kubwa, angavu, unaona mpaka maua ya kanga na kaimati kwenye sinia. Nikampelekea Seif, aliyekuwa ameshatangulia nyumbani, nikiwa nimeridhika kwa mara ya kwanza tangu nishuke treni. Akaishika kwa mikono miwili. Akaiinua karibu na ile ya ukutani, akazilinganisha kwa muda mrefu.

"Nzuri sana, dada," akasema. "Lakini tuiache ile ile. Hii siyo yenyewe. Ile ina saa ya baba."

Nikamwambia ile si saa ya baba yake, ni saa yangu, na tena ni ya uongo. Akatikisa kichwa kwa adabu, akanirudishia picha. Nimekuja nayo Dar, nimeitundika sebuleni kwangu. Kila nikiitazama, macho yanashuka yenyewe mpaka chini, pembeni, kutafuta saa.